Mpira Uligusa Mstari

Mwaka 1898 maofisa wa Kiingereza na wa Kijerumani walizipanda nyanda za juu zilizo kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, wakiwa na vyombo vya kupimia na misafara ya wapagazi. Walikuja kuweka bikoni juu ya mstari ambao serikali zao zilikwisha kuuchora kwenye karatasi miaka minane nyuma, kwa mkataba wa tarehe 1 Julai 1890. Mkataba huo ndio ulioiacha Zanzibar mikononi mwa Mwingereza na kumpa Mjerumani kisiwa cha Heligoland. Huku kwetu uliuvuta mpaka kutoka Ziwa Nyasa, ukaufuata mto Songwe, kisha ukapanda kwenye mgongo wa nchi ambako maji hugawanyika: mengine huenda kuutafuta mto Kongo, mengine hubaki upande huu. Juu ya mgongo huo leo wamekaa Tunduma na Nakonde, mji mmoja wenye majina mawili. Wanyamwanga waliokuwa na mashamba hapo hawakuulizwa kitu. Ndugu wa ukoo mmoja wakajikuta hawa wa Mjerumani, wale wa Mwingereza.

Mto Songwe wenyewe, ambao mkoa wetu ulipozaliwa mwaka 2016 ulichukua jina lake, haujawahi kukubali kutulia. Kule bondeni karibu na ziwa hubadili njia mafuriko makubwa yanapokuja, na mkulima aliyelala Tanzania huweza kuamka shamba lake likiwa ng'ambo, Malawi. Kwa hiyo mtu wa Songwe hahitaji kufundishwa kwamba mstari peke yake hausemi. Lazima apatikane wa kusema nani amevuka na nani hajavuka, na ugomvi wote huanzia kwa huyo msemaji.

Watoto wetu wanalijua hilo kabla hawajajua kusoma. Kwenye chandimu goli ni mawe mawili, na mtambaa panya ni wa kufikirika. Mpira ukipita juu kidogo, hawa wanashangilia goli, wale wanaapa kwamba umepaa, na mechi inasimama. Katika tenisi, mchezo ambao wengi wetu tunaujua kwa televisheni tu, ugomvi huo una historia ya miaka karibu 150, na umehifadhiwa mechi kwa mechi. Unastahili kusimuliwa Tunduma, mji ambao watu wake wanakula kwa sababu ya mstari.

Chokaa

Julai 1877, miaka 13 kabla ya mkataba wa mpaka, klabu ya kroketi ya Wimbledon, pembezoni mwa London, iliitisha mashindano yake ya kwanza ya tenisi ya nyasi. Mchezo ulikuwa mchanga. Meja Walter Wingfield alianza kuunadi mwaka 1874, wavu, raketi na mipira ndani ya sanduku moja, na uwanja wake ulikuwa umebanwa kiunoni kama saa ya mchanga. Kamati ya Wimbledon ililifuta umbo hilo. Ikaamua uwanja uwe mstatili wa futi 78 kwa futi 27, vipimo ambavyo mchezo wa mmoja kwa mmoja unavitumia hadi leo. Wanaume 22 walijiandikisha. Henry Jones, aliyekuwa maarufu kwa vitabu vyake vya karata, akawa mwamuzi mkuu, na watu kama 200 wakalipa shilingi moja moja kumwona Spencer Gore akichukua ubingwa.

Waliocheza walijihesabu kuwa waungwana, na katika uungwana huo ikakua desturi ambayo ndiyo roho ya simulizi hii. Panapokosekana mwamuzi, kila mchezaji huamua mipira inayoangukia upande wake mwenyewe. Yeye ndiye anayeona vizuri, na yeye ndiye anayefaidika akidanganya. Dawa yake ikawa kanuni moja: ukiwa huna hakika, mpira umeingia. Shaka ni mali ya mpinzani. Kanuni hiyo haikufa. Imo kwenye taratibu za Shirikisho la Kimataifa la Tenisi hadi sasa kwa mechi zisizo na mwamuzi wa kiti, na vijana wengi wanaoanza mashindano hukua nayo.

Ni kanuni ngumu kuliko inavyosikika. Inamtaka mtu ajihukumu mwenyewe pale ambapo hakuna wa kumshitaki. Soka halikudai hivyo. Mchezaji wa soka hufundishwa tangu utotoni acheze mpaka filimbi ilie, na filimbi isipolia, basi. Historia ya waamuzi wa tenisi ni historia ya kuuondoa mzigo huo kwenye moyo wa mchezaji, ukapewa mtu wa kiti, baadaye ukapewa mashine.

Uzio

Uungwana huo ulikuwa na uzio. Aliye ndani alipewa faida ya shaka. Aliye nje hakupewa hata uwanja. Mashindano ya taifa ya Marekani hayakumruhusu mchezaji mweusi mpaka mwaka 1950, alipoingia Althea Gibson, na hata hapo ilibidi bingwa wa zamani, Alice Marble, aandike makala ya kuwaaibisha wenye mchezo. Gibson alishinda Paris mwaka 1956, akashinda Wimbledon mwaka 1957 na 1958.

Nyuma yake alikuja Arthur Ashe, aliyezaliwa mwaka 1943 huko Richmond, Virginia, katika mji uliokuwa na viwanja vya umma ambavyo mtoto wa rangi yake hakuruhusiwa kuvikanyaga. Mwaka 1968 alikuwa bingwa wa kwanza wa mashindano ya wazi ya Marekani. Kwa kuwa alikuwa bado mchezaji wa ridhaa, hakuweza kuchukua zawadi. Dola 14,000 zikaenda kwa Tom Okker, Mholanzi ambaye Ashe alimfunga kwenye fainali. Ashe alipoomba viza ya kwenda kucheza Afrika Kusini, serikali ya makaburu ilimkatalia. Mwaka 1970 Afrika Kusini ikafukuzwa kwenye Kombe la Davis, mashindano ya timu za mataifa. Baadaye ilirudishwa, na mwaka 1974 ikafika fainali dhidi ya India. Wahindi, wakiwa na ndugu wawili hodari, Vijay na Anand Amritraj, walikuwa na nafasi nzuri ya kulitwaa kombe hilo kwa mara yao ya kwanza. Wakakataa kucheza. Afrika Kusini ikaandikwa bingwa bila mpira mmoja kupigwa.

Miaka hiyohiyo Tunduma ilikuwa inabadilika kwa sababu ileile. Tangu Novemba 1965, wazungu wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ilihitaji njia ya kupitisha mafuta na shaba bila kupita kwa wabaguzi wa kusini. Malori yakaanza kuitafuna barabara ya Tunduma, bomba la mafuta likalazwa, kisha ikaja reli ya Uhuru, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa mkopo wa China usio na riba. Mwaka 1973 mataruma yalifika Tunduma na kuvuka mpaka. Reli ikakabidhiwa rasmi tarehe 14 Julai 1976.

Siku tatu baadaye Olimpiki ya Montreal ilifunguliwa, na Filbert Bayi hakuwepo. Mtanzania huyo alikuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974, akimwacha nyuma John Walker wa New Zealand, na dunia nzima ilikuwa ikisubiri warudiane. Lakini timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za mwanzo kutangaza kususia. Zambia nayo ikafuata, pamoja na nchi nyingine zaidi ya 20. Walker akachukua dhahabu bila Bayi. Kama Wahindi miaka miwili kabla, tulilipa gharama ya medali kwa kusema kwamba mchezo hauwi wa haki kwa sababu tu mistari yake imenyooka. Lazima kwanza uulize nani amezuiwa getini.

Ashe mwenyewe alichukua njia nyingine. Mwaka 1973 Afrika Kusini ilimpa viza, akaenda, akafika fainali, na wako weusi waliomlaumu kwamba anaupaka ubaguzi rangi nzuri. Alijibu kwa kurudi nyumbani na kuzidisha kazi: mwaka 1983, pamoja na mwimbaji Harry Belafonte, aliongoza umoja wa wasanii na wanamichezo wa kuupinga ubaguzi huo.

Fedha na hasira

Mwaka 1968 tenisi ilifungua milango kwa wachezaji wa kulipwa. Wimbledon mwaka huo Rod Laver alichukua pauni 2,000. Fedha ilipoingia, pointi moja ikawa na bei, na desturi ya kumpa mpinzani shaka ikaanza kuonekana ujinga. Mzigo wa kusema ukweli ukahamia kwa mwamuzi wa kiti na wenzake wa mistari, wengi wao wakiwa watu wa ridhaa: walimu, makarani, wastaafu, walioketi juani kwa mapenzi ya mchezo.

Wachezaji wakaanza kuwashukia. Agosti 1979, New York, Ilie Nastase wa Romania alimchezea mwamuzi Frank Hammond vituko mpaka Hammond akamkata pointi, akamkata gemu, mwisho akamwondoa mchezoni. Mashabiki wakachachamaa, makopo yakarushwa uwanjani. Mwamuzi mkuu, Mike Blanchard, akafanya jambo ambalo halikusahaulika: akamtoa Hammond kitini, akakaa yeye, na mechi ikaendelea. John McEnroe alishinda, lakini kila mchezaji aliondoka na somo kwamba kelele za jukwaani zinaweza kumng'oa mwamuzi.

McEnroe alilielewa somo hilo vizuri. Juni 1981 kule Wimbledon, akicheza na Tom Gullikson, alimgeukia mwamuzi Edward James na kumwambia kwamba haiwezekani awe anasema kweli, kwani kila mtu ameona chokaa ikiruka. Alitozwa faini ya dola 1,500, akaendelea, akachukua ubingwa. Maneno yale yalimpa umaarufu kuliko mapigo yake mengi.

Kinachosahaulika ni kwamba hoja yake ilikuwa ya msingi. Chokaa ikiruka, mpira umegusa mstari. Huo ni ushahidi. Alichokosea ni kudhani kwamba ukiwa na ushahidi umepata ruhusa ya kumdhalilisha mtu. Kanuni za nidhamu zilikuwa na ngazi: onyo, kukatwa pointi, na zaidi ya hapo. Mwanzoni mwa mwaka 1990 ngazi hizo zilipunguzwa. Januari hiyo, Melbourne, McEnroe alikuwa anaongoza seti mbili kwa moja dhidi ya Mikael Pernfors. Alipata onyo, akakatwa pointi, kisha akatukana. Mwamuzi Gerry Armstrong akatangaza kwamba mechi imekwisha. McEnroe alisema baadaye kwamba alidhani bado ana ngazi moja. Alikuwa anacheza kwa kanuni za mwaka uliopita.

Alama kwenye udongo

Hata hivyo kanuni ya kale haikuzikwa na fedha. Ilibaki hai zaidi kwenye viwanja vya udongo mwekundu, kwa sababu udongo huhifadhi alama ya mpira, na alama humlazimisha mtu achague.

Mwaka 1982, Paris, kijana wa Uswidi mwenye miaka 17, Mats Wilander, alikuwa kwenye nusu fainali na José Luis Clerc wa Argentina. Wilander alihitaji pointi moja. Clerc akapiga, mpira ukaitwa umetoka, na mwamuzi Jacques Dorfmann akatangaza mwisho wa mechi. Clerc akapinga. Wilander naye akamwendea mwamuzi, akasema hawezi kushinda namna hiyo, mpira ule ulikuwa mzuri. Akaomba pointi irudiwe. Ikarudiwa, akaishinda, na siku mbili baadaye akawa bingwa.

Simulizi hilo hupendwa kwa sababu wema ulilipwa. La Roma, Mei 2005, ni gumu zaidi. Andy Roddick wa Marekani alikuwa amechukua seti ya kwanza, na katika ya pili alikuwa na pointi tatu za kumaliza mechi dhidi ya Mhispania Fernando Verdasco. Verdasco alianzisha vibaya mara ya kwanza. Mpira wake wa pili ukaitwa umetoka. Mechi ilikuwa imekwisha, watu wanajiandaa kupiga makofi. Roddick akaenda hadi kwenye alama, akaiangalia, akamwonyesha mwamuzi: umegusa mstari. Verdasco akapewa pointi. Akaishinda seti hiyo, akaishinda na ya tatu, Roddick akafunga virago.

Hakuna aliyemlazimisha Roddick. Mwamuzi wa mstari alikuwa amekwisha kusema, na kwa mchezaji wa zama za fedha hapo ndipo neno lilipokuwa linaishia. Ukitaka kujua kanuni ya shaka ina uzito gani, ipime pale ilipogharimu.

Ipime pia pale ilipovunjwa. Julai 2023, Budapest, Zhang Shuai wa China alipiga mpira uliogusa mstari, ukaitwa umetoka. Aliomba alama ibaki ili iangaliwe tena. Mpinzani wake, Amarissa Tóth wa Hungaria, akaenda akaifuta kwa kiatu. Zhang akalia, akajitoa mchezoni muda mfupi baadaye, na Tóth akainua mikono kushangilia. Wachezaji wenzao wa nchi mbalimbali walimkemea Tóth, naye akaomba radhi. Mpira uliokosewa na mwamuzi ulisameheka upesi. Kufuta ushahidi ndiko kulikowachukiza.

Jicho la mwewe

Mashine ziliingia polepole. Mwaka 1980 Wimbledon ilifunga chombo kilichoitwa Cyclops, kazi ya Bill Carlton wa Malta, kilichotumia miale isiyoonekana kuulinda mstari wa mpira wa kuanzisha. Mpira ukitoka kililia kama king'ora kidogo. Mistari mingine ilibaki kwa macho ya watu.

Kilichobadilisha mambo ni usiku mmoja wa Septemba 2004, New York. Katika robo fainali kati ya Serena Williams na Jennifer Capriati, Serena alipiga mpira ulioanguka ndani waziwazi. Mwamuzi wa mstari aliona umeingia. Mwamuzi wa kiti, Mariana Alves, akaubatilisha uamuzi huo na kumpa Capriati pointi. Mipira mingine ikafuata kukosewa. Waliokuwa nyumbani waliona kwenye televisheni mchoro wa kompyuta ukionyesha mpira ulivyotua ndani, wakati mchezaji mwenyewe hakuwa na namna ya kuuonyesha kwa mwamuzi. Serena akashindwa. Alves hakupangiwa mechi nyingine kwenye mashindano yale.

Mchoro ule ulitokana na teknolojia kama ile ya Hawk-Eye, yaani jicho la mwewe, iliyobuniwa na Mwingereza Paul Hawkins na kuanza kuonekana kwenye matangazo ya kriketi mwaka 2001. Kamera kadhaa huufuata mpira, na kompyuta hukokotoa mahali ulipotua. Machi 2006 wachezaji waliruhusiwa kwa mara ya kwanza, kule Miami, kuupinga uamuzi na kuomba mashine iangalie. Agosti mwaka huo mashindano ya wazi ya Marekani yakafuata.

Utaratibu huo ulikuwa na hekima yake. Mchezaji alipewa nafasi chache tu za kupinga katika kila seti, kwa hiyo alipaswa kujipima kabla ya kulalamika. Mchoro ulionyeshwa kwenye skrini kubwa, uwanja mzima ukiona, hata mwamuzi aliyekosea. Dereva wa lori anayepita mizani ya Mpemba anaelewa kwa nini hilo lilipunguza makelele. Sheria ya Afrika Mashariki inamwekea mwisho wa tani 56. Namba ikionekana kwenye kioo, atanung'unika, lakini hatapigana na namba. Hugombana na mtu pale anapoambiwa amezidisha bila kuonyeshwa.

Sheria na msomaji wake

Mashine husoma mpira. Haisomi hasira, kejeli wala mkono wa kocha jukwaani. Tarehe 8 Septemba 2018, fainali ya New York, Serena Williams alikutana na Naomi Osaka, msichana wa miaka 20 kutoka Japani. Mwamuzi Carlos Ramos wa Ureno alimpa Serena onyo kwa sababu kocha wake, Patrick Mouratoglou, alimwashiria kutoka jukwaani. Serena akasema yeye hadanganyi ili ashinde. Baadaye akaivunja raketi, akakatwa pointi. Akamwita Ramos mwizi kwa kumwibia pointi. Akakatwa gemu nzima. Osaka akashinda 6-2, 6-4, akapokea taji kubwa la kwanza la maisha yake huku amejifunika uso na jukwaa likizomea.

Kwa maandishi Ramos hakukosea. Mouratoglou mwenyewe alikiri kwamba alikuwa anafundisha, ila akaongeza kwamba makocha wote hufanya hivyo. Serena alitozwa dola 17,000. Lakini swali lake halikufutwa na faini: je, wanaume waliotukana waamuzi kwa miongo walikatwa gemu kwenye fainali? Sheria inayolala miaka kumi na kuamka siku moja juu ya kichwa cha mtu mmoja, hata ikisomwa herufi kwa herufi, huacha harufu ya uonevu. Miaka iliyofuata kufundisha kutoka jukwaani kulihalalishwa. Kosa la kwanza la jioni ile leo si kosa.

Sisi tuliuonja uchungu wa namna hiyo tarehe 8 Machi 2025. Simba walisema wamezuiwa kufanya mazoezi usiku wa kuamkia mechi kwenye uwanja wa Mkapa, haki ambayo kanuni za ligi zinampa mgeni, wakatangaza hawachezi. Bodi ya Ligi ikaahirisha. Yanga wakafika uwanjani wakasema kanuni hazikufuatwa katika kuahirisha. Kila upande ulikuwa na kitabu mkononi na kidole juu ya kifungu. Mechi ilichezwa tarehe 25 Juni, Yanga wakashinda 2-0, na kwenye vibanda umiza vya nchi nzima ubishi haukwisha, kwa sababu haukuwa juu ya mabao. Ulikuwa juu ya nani anasoma kanuni, na anaisoma lini.

Swichi

Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, New York iliondoa waamuzi wa mistari kwenye viwanja vyote isipokuwa viwili vikubwa, na mashine ikaita mipira yenyewe. Tarehe 6 Septemba, kwenye uwanja uliopewa jina la Arthur Ashe, mmoja wa miwili iliyobaki na watu, Novak Djokovic alipiga mpira kwa hasira bila kutazama nyuma. Ukamgonga mwamuzi wa mstari kooni, mama wa watu akaanguka. Djokovic, namba moja wa dunia, akaondolewa mashindanoni papo hapo. Alisema hakukusudia, na waamuzi walikubali hivyo; lakini kanuni haikuuliza nia, iliuliza kilichotokea.

Mwaka uliofuata Melbourne iliwaondoa waamuzi wa mistari kabisa. Wimbledon ikafuata mwaka 2025, baada ya kuwa nao miaka 147. Tarehe 6 Julai mwaka huo, kwenye uwanja mkuu, Anastasia Pavlyuchenkova wa Urusi alikuwa anaelekea kushinda gemu dhidi ya Mwingereza Sonay Kartal. Kartal akapiga mpira uliotoka nje waziwazi. Mashine haikusema kitu. Mwamuzi wa kiti akauona umetoka, lakini taratibu mpya hazikumpa ujasiri wa kulitegemea jicho lake. Akaamuru pointi irudiwe, na gemu likamponyoka Mrusi. Baadaye ikabainika kwamba mtu alikuwa ameizima mashine upande ule kwa bahati mbaya. Pavlyuchenkova alishinda mechi, lakini alisema wazi kwamba gemu lile aliibiwa. Wimbledon ikaomba radhi na kuondoa uwezekano wa kuizima mashine hivyo tena.

Baada ya karibu karne na nusu ya kuuhamisha mzigo kutoka kwa mchezaji hadi kwa mwamuzi, na kutoka kwa mwamuzi hadi kwa mashine, mzigo ulikutwa mkononi mwa mtu aliyegusa swichi. Na wachezaji wawili waliokuwa uwanjani, mmoja wao akiwa amesimama jirani kabisa na mpira, hawakuulizwa.

Mawe mawili

Mashine hizo ni ghali na hazitafika Tunduma kesho. Hazifiki hata kwenye mashindano mengi madogo ambako wachezaji wa Afrika Mashariki huanzia. Angella Okutoyi, msichana wa Nairobi aliyelelewa na bibi yake, alipitia viwanja vya namna hiyo kabla ya Julai 2022, alipokuwa Mkenya wa kwanza kushinda taji kubwa la tenisi, la wasichana wawili wawili kule Wimbledon, akiwa na Mholanzi Rose Marie Nijkamp. Mtoto wa kwetu atakayemfuata ataanzia mahali pasipo na kamera, ambapo mpinzani wake atapiga mpira ukaanguka karibu na mstari, na uamuzi utakuwa wake peke yake.

Walimu wa michezo wa Vwawa, Mlowo, Ileje na Tunduma, ninyi mnaoandaa watoto kwa mashindano ya shule, UMITASHUMTA na UMISSETA, kabla ya kuwafundisha kupiga mpira wafundisheni kanuni hii. Haihitaji bajeti, na kwenye chandimu ya mawe mawili inafanya kazi sawa na kule Paris. Ukiwa huna hakika, mpira umeingia. Shaka ni ya mpinzani.